Tupeane uzoefu: siku taimshiti na asilimia za mradi zilipokutoa jasho

Mwana wa Barabara ya 12
Wakuu salaam. Leo Ijumaa, nimetoka msikitini hata viatu sijavaa sawasawa, simu inaita, bosi. "Taimshiti za vijana wako mbona hujaapruvu?" Nikakumbuka mbali.

Mie kazi yangu usimamizi wa saiti hapa Tanga mjini, nina watu 38. Kila Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni niwe nimepitisha taimshiti, yaani masaa ya kila mtu, na kuweka kila kazi imefika asilimia ngapi, maana ikigonga hiyo saa mfumo unajifunga na malipo ya vijana yanatokea humohumo. Mwaka wa kwanza, saa tisa na nusu umeme ukakatika, laptopu yangu betri jina tu, nikapanda bodaboda mbio hadi Ngamiani kwa jamaa anauza samaki ana jenereta. Nikaapruvu watu wote nimekaa juu ya friza la changu. Narudi nyumbani mke ananusa shati, ananiuliza taimshiti gani hiyo yenye magamba.

Haya, nanyi semeni yaliyowakuta.

Saruji Mzee
😂😂 magamba. Nimekaa pale.

Bi Mdogo wa Pangani
Yako nafuu kaka. Mie nipo kwenye asasi, kwetu mfadhili anataka mtu aandike masaa aliyofanya kweli kwa kila mradi, na aandike baada ya kufanya, sio kugawa tu kufuata bajeti. Sawa, tumezoea. Ikaja Idd. Mtu wa utumishi yuko Dar, kaingiza kwenye mfumo mapema kabisa sikukuu ni Jumatatu na Jumanne, kafunga. Jumapili usiku mwezi haujaandama! Jumatatu watu wangu kumi na mmoja wako kazini na swaumu zao, mfumo unasema sikukuu haupokei saa hata moja. Jumatano wako nyumbani wanakula pilau, mfumo unasema watoro. Nikamwandikia yule wa Dar kwamba mwezi haukuonekana, akanijibu "tafadhali weka kiambatanisho".

Kiambatanisho cha mwezi jamani. Nikatoka uani nikapiga picha mawingu nikamtumia.

Saruji Mzee
Alipokea??

Bi Mdogo wa Pangani
Alipokea! Ipo kwenye faili mpaka leo.

Mkonge66
Kalenda ndio chanzo cha kesi nyingi. Programu ya kupangia ratiba kama MS Project ukiifungua tu inakuja na saa 8 kwa siku, siku 5, jumla 40. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inaruhusu mpaka saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku sita. Usipoibadilisha mwanzoni, Jumamosi yote ya vijana inasomeka ovataimu na mhasibu anakuuliza hiyo ya ovataimu, mshahara mara moja na nusu, unailipa na mfuko wa nani. Nimeulizwa mie, mbele ya watu.

Kimya Kingi
Nilikuwa sitaki kulisema hili lakini miaka imepita, na hiyo Ijumaa ya mleta mada imenigusa.

Nilikuwa naibu msimamizi kwenye mradi wa maghala njia ya Pongwe. Kulikuwa na fundi wa kusuka nondo, mtu mzima, mpole, mie nilimwita baba. Akaumwa siku chache akafariki. Tukamzika wenyewe, jeneza nimelibeba kwa bega hili, na hitima nimekula.

Wiki tatu baadaye mhasibu ananiita ofisini kwake anafunga mlango. Ananigeuzia skrini. Jina la mzee. Wiki ya kwanza saa 45. Ya pili 45. Ya tatu 45 na ovataimu 6. Na pembeni jina langu, imeidhinishwa na mimi, Ijumaa saa tisa na dakika hamsini na mbili. Wallahi nilisikia baridi na feni haijawashwa.

Ilikuwaje. Fomeni kila wiki alikuwa anabonyeza kile kitufe cha kunakili wiki iliyopita, genge zima linajijaza lenyewe, halafu anawarekebisha wawili watatu waliokosa kazi. Mimi nikifika naweka tiki pale juu panapochagua wote, naapruvu, naenda zangu kunywa chai. Zile saa 6, genge lilibaki jioni kumwaga zege, fomeni kaongeza kwa wote mara moja. Kwa hiyo marehemu naye alimwaga zege.

Hela ilikuwa inaingia kwenye simu, na simu anayo mjane. Jioni nikaenda. Akanikaribisha ukumbini akaniletea uji wa pilipili manga, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, mwanangu Mungu awalipe, hiyo rambirambi mnayotuma kila Jumamosi imetusitiri sana.

Nikanywa uji nikaaga.

Shangazi Chumbageni
Mie nimelia hapa dukani wateja wananitazama.

Mhasibu Mstaafu
Samahani lakini hiyo inaitwa mfanyakazi hewa. Kila siku tunalalamika kuhusu wafanyakazi hewa, sasa akiwa wetu tunalia naye? Ulipaswa umwambie siku ileile na fedha irudi.

Shangazi Chumbageni
Wee mstaafu una roho ya jiwe. Mjane yuko eda, umwambie rudisha nini?

Mhasibu Mstaafu
Sijasema anyang'anywe. Nasema kuna utaratibu. Mkaguzi akija haangalii eda.

Mpemba wa Raskazone
Mkaguzi akija mpeni uji.

Shangazi Chumbageni
😂😂😂

Mhasibu Mstaafu
Mnacheka. Siku mtakayokatwa nyinyi hamtacheka.

Kimya Kingi
Nilikatwa mzee wangu. Miezi minne, kwa ridhaa yangu. Fomeni alipata barua ya onyo, mimi nikapata yangu. Mama yule mpaka leo hajui, na aendelee kutojua.

Mhasibu Mstaafu
Basi hapo nimenyamaza.

Mpanga Ratiba
Baada ya hiyo sijui hata kama niandike yangu. Mie nilikuwa natumia Primavera, programu nyingine ya ratiba. Kila mwisho wa mwezi unasogeza tarehe ya taarifa, yaani siku ambayo kazi imehesabiwa mpaka hapo, unaingiza maendeleo, unabonyeza F9 kazi zinajipanga upya. Nimechoka, nimekosea tarakimu moja ya mwaka. Kazi zote ambazo hazijaisha zikarukia mbele mwaka mzima. Sijaangalia, nikatuma. Asubuhi mshauri mwelekezi anapiga simu hata salamu hakuna: "Mmeamua lini kuchelewa?"

Saruji Mzee
Na hizo asilimia ni uongo mtupu. Kwetu plasta ilikaa 90% miezi miwili.

Mkonge66
Sio uongo, nyie mnachanganya. Ile asilimia ya kawaida ya MS Project inahesabu muda. Kazi ya siku kumi, siku nane zimepita umeziingiza, itakuletea 80 hata kama ukuta uko magotini. Asilimia ya kazi halisi ipo safu nyingine, unaijaza kwa mkono.

Saruji Mzee
Kwa hiyo ni uongo.

Mkonge66
Mzee wewe basi.

Mpemba wa Raskazone
Ushauri wangu apruvu kila siku jioni, usisubiri Ijumaa.

Mpanga Ratiba
Ukiapruvu kila siku wanakuzoea, wanakutumia takataka wanajua kesho utarekebisha. Bora Alhamisi usiku, watoto wamelala.

Shangazi Chumbageni
Daftari la mahudhurio na dole gumba. Kwa dole gumba marehemu asingefika wiki ya pili.

Mpemba wa Raskazone
Au oa mhasibu.

Bi Mdogo wa Pangani
Mie niliolewa na mhasibu, haisaidii.

Kijana Mpya
Naomba kuuliza wakubwa. Nimepewa Project Online, ile MS Project ya mtandaoni, wiki hii. Nimeapruvu taimshiti zote lakini kwenye ratiba hakuna kilichosogea, vijana wanaona masaa yaleyale yamebaki. Nimeharibu?

Mkonge66
Hujaharibu mdogo wangu. Kupitisha taimshiti ni kitu kimoja na kupitisha maendeleo ya kazi ni kingine, isipokuwa kama admin wenu kaviunganisha. Nenda kwenye ukurasa wa idhini utakuta zinakusubiri. Ukishamaliza fungua ratiba uipablishi, usipopablishi wenzio hawaoni kitu. Na usiipende sana, Microsoft wametangaza inazimwa 30 Septemba 2026.

Kijana Mpya
Ndio kwanza nimeijua leo 😭

Mwana wa Barabara ya 12
Nimesoma yote, ile ya Kimya Kingi nimeisoma mara mbili. Bosi kaniongezea muda mpaka saa nne usiku. Nimeshapita mmoja mmoja, 37 wametoka. Huyu wa 38 kaandikiwa saa 45 na wiki hii sikumbuki kumuona saiti. Nampigia kwanza.