Kilomita 30 kwa saa Kampala: tudai kamera au tudai barabara?

Mwanzisha mada

Wandugu, mjadala huu tuliuacha njiani. Juni 2025 faini za mwendo kasi zinazonaswa na kamera zilipoanza, kilichowakera wengi kilikuwa kikomo cha kilomita 30 kwa saa mijini. Baada ya siku chache faini zikasimamishwa, madereva wakapumua, na mwenda kwa miguu akasahaulika. Msimamo wangu: 30 ni mwendo sahihi pale watu na magari wanapochangamana, ila kazi ya kumpunguza dereva mwendo ni ya barabara yenyewe.

Anayekwenda 50 hupita mita 14 hivi kwa sekunde moja, kabla mguu haujagusa breki. Anayekwenda 30 hupita mita 8. Na kishindo cha kugongwa kwa 50 kinakaribia mara tatu ya kile cha 30. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la 2020, la usalama barabarani duniani, lilitaka 30 iwe kikomo katika mitaa ya aina hiyo.

Sasa nenda Kibuye, hapa hapa Kampala, asubuhi. Watoto wa shule wanafuatana kwa mstari ukingoni mwa lami. Huku mtaro ulio wazi, huku kioo cha teksi kinapita jirani na bega. Boda akikwepa jam kwa kupanda ukingoni, mtoto hana budi kuruka mtaro. Hapo kamera itamsaidia nini? Tuinue vivuko, tubane njia za magari karibu na shule na masoko, tufunike mitaro, tupande miti ya kivuli. Sera ya taifa ya usafiri usio wa injini, yaani kutembea na baiskeli, ipo tangu 2012, na Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum zilichaguliwa kwa majaribio. Mbona tunaishia hapo?

Halafu kuna sukari na presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Haya, mzee wa miaka sabini atembelee wapi?

Boda wa Kabalagala

Kaka, wewe unahesabu mita, mimi nahesabu safari. Saa nne usiku Ggaba Road iko tupu, nikienda 30 abiria ananiuliza kama petroli imeisha. Faini moja inabeba mapato yangu yote ya siku. Na hayo matuta yenu yanaua shokamzoba.

Mama Duka

Wenye maduka huwa tunaogopa kwamba gari likikosa pa kuegesha, mteja atapotea. Wateja wangu mimi wanatoka paki ya teksi kwa miguu. Kinachonitesa ni pikipiki zinazopanda njia ya miguu hadi mlangoni. Mkijenga, wekeni nguzo za kuzizuia.

Mkazi wa Kisenyi

Na wachuuzi? Januari 2022 KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, iliwafagia barabarani. Kila nikisikia "mtaa mzuri" nasikia fukuzafukuza nyingine.

Mwanzisha mada

Boda, hilo la usiku nakubali. Barabara kuu na mtaa wa shule visipewe kikomo kimoja saa zote. Kuhusu shokamzoba, kivuko kilichoinuliwa vizuri kina mteremko mrefu wa taratibu, si yale matuta ya ghafla ya kumwagwa usiku.

Mama, nguzo ni sawa, ila ziachiane nafasi ya kutosha kiti cha magurudumu.

Hoja ya Kisenyi ndiyo nzito kuliko zote. Mchuuzi awemo kwenye ramani tangu siku ya kwanza: ukanda wake uwe kati ya lami na njia ya miguu, wenye paa na taa, na njia ya miguu ibaki wazi. Mtaa wenye mama wa maembe na taa yake saa tatu usiku, binti anaupita bila woga. Mradi wowote unaoanza kwa kumfukuza huyo mama, mimi nitaupinga.

Walio Makindye, Rubaga na Kawempe, kwenu mtaa gani uanze, na kwa nini huo?