Meno na fizi wakati wa ujauzito: tupeane uzoefu

Wapendwa, mdogo wangu ana ujauzito wa miezi mitano na jino la nyuma limetoboka, usiku halali. Mama mkwe wake anamwambia avumilie mpaka ajifungue, eti mjamzito akichomwa ganzi mimba inatoka. Kliniki hakosi: anapimwa uzito, presha na wingi wa damu, anapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Ila hakuna aliyemwambia afungue kinywa, naye hakusema, maana haoni kama meno ni mambo ya kliniki. Hili linaniuma sana. Mama zangu, dada zangu, ninyi yaliwakuta yapi na mliambiwa nini?

MamaZuu: Mimi fizi zilianza kutoka damu mimba ikiwa changa. Nikitema, povu lote jekundu. Shoga zangu wakanishauri niache mswaki, nisukutue maji ya chumvi tu. Daktari wa meno akanieleza kinyume chake: homoni za ujauzito zinafanya fizi zivimbe haraka zikikutana na ukoga, kwa hiyo ukiacha mswaki ukoga unabaki na damu inazidi. Akanisafisha meno, akaniambia nitumie mswaki laini asubuhi na usiku. Damu ikakata.

Binti wa Tanga: Kwangu kiliota kinyama chekundu kati ya meno mawili ya mbele, ukikigusa tu damu. Nyumbani wakahisi kansa, mama akalia. Daktari alikiangalia vizuri, akasema huwatokea baadhi ya wajawazito. Akaondoa ugaga, yaani ukoga uliogandamana ukawa mgumu, uliokuwa pale, tukasubiri. Nilipojifungua kikanywea chenyewe.

BabaWawili: Mke wangu alitapika mno, na kila akitapika alikimbilia mswaki kuondoa harufu. Tabibu akamkataza: tindikali ya tumboni inalainisha ngozi ya juu ya jino, ukisugua papo hapo unaikwangua. Asukutue kwanza kwa kikombe cha maji chenye kijiko cha chai cha bekingi soda, kisha mswaki baada ya kama nusu saa. Wanaume wenzangu, tuyajue haya.

Mama Kisauni: Huku Mombasa twaambiwa kila mtoto huondoka na jino moja la mamake. Daktari alinambia si kweli, mtoto hachukui kalsiamu menoni mwa mama. Chakula kikipungukiwa, huchukuliwa mifupani. Kilichoniharibia mimi ni mabuyu ya sukari na maembe mabichi, natafuna kutwa kinywa hakipumziki.

TabibuKinywa: Niko idara ya kinywa na meno, hospitali ya wilaya. Wajawazito wengi hutufikia shavu limeshavimba, kwa sababu ya hayo ya "vumilia". Mtoa mada, mlete mdogo wako sasa. Penye maumivu au usaha tunatibu mwezi wowote. Yasiyo na haraka huwa rahisi zaidi miezi ya kati, wa nne hadi wa sita. Ganzi ya lignokaini haitoi mimba. Eksirei ya jino hupigwa ikihitajika, mionzi yake ni kidogo sana na hailengwi tumboni. La muhimu aseme mapema ana miezi mingapi: antibiotiki ya tetrasaiklini hatumpi, inabadili rangi ya meno ya mtoto, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asijinunulie dukani. Kwa maumivu tunaanza na parasetamo. Tumbo likiwa kubwa halali chali kitini, tunamwekea mto chini ya nyonga ya kulia aegemee kushoto, mshipa mkubwa wa damu usikandamizwe. Tafiti zimeona ugonjwa wa fizi ukiambatana na kujifungua njiti, ingawa haijathibitika kwamba kutibu fizi kunazuia hilo. Hata hivyo usaha mdomoni hauna sababu ya kusubiri.

Mtoa mada: Asante sana tabibu. Je, wakiamua kung'oa?

TabibuKinywa: Linang'olewa kwa ganzi kama kawaida. Aje na kadi ya kliniki, na awe amekula.

Nuru86: Na sisi tunaokula pemba, ule udongo wa sokoni?

TabibuKinywa: Unasaga meno, dada, chembe za mchanga zimo humo. Na hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie nesi siku ya kliniki, akupime.