Mrejesho: kikasha changu cha LinkedIn sasa kinapumua

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri: jumbe 400 na ushee hazijasomwa, na watu wenye kazi ya kweli wamezama katikati ya matangazo.

Aliyesema nisifute bali nihifadhi kwenye kumbukumbu, nakushukuru kwa dhati. Nilidhani kuhifadhi na kufuta ni kitu kimoja, kumbe mazungumzo yanabaki, na mtu akiandika tena yanarudi yenyewe kikashani. Hofu ikaisha. Nilikaa jioni mbili, nikachuja zisizosomwa tu, nikahifadhi karibu zote, zilizobaki 23 nikazitia nyota. Vikundi nilivizima arifa.

Majibu ya kukataa kwa heshima nimeyaandika mapema kwenye simu, lakini kila mara naongeza sentensi moja inayomhusu mtu mwenyewe. Hilo sikubali kuliacha. Aliyeandika kwa uangalifu anastahili kujibiwa kwa uangalifu.

Kati ya zile 23 kulikuwa na ofa ya kazi ya miezi miwili nyuma. Niliomba radhi, nikajibu. Jumanne tunaongea.

Bado sijajua nifanyeje na maombi ya kuunganishwa kutoka kwa nisiowafahamu. Mnayakubali yote?