Naomba ushauri: takwimu zinamponza kijana wetu wa kikapu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ndiye mwenye daftari la takwimu la timu yetu ya vijana hapa Kikwajuni.

Mechi iliyopita kijana wetu mmoja alirusha mara 14, zikaingia 5, moja ya pointi tatu. Kocha akaona asilimia 36, akasema mechi ijayo akae benchi. Lakini kijana yule anaingia ndani kwenye miili ya watu, anapigwa viwiko, anainuka na kwenda mstarini: mitupo huru 10, kafunga 9. Jumla pointi 20! Aliyesifiwa ni mwenzake, 6 kati ya 12, zote za pointi mbili, bila mtupo huru hata mmoja. Roho iliniuma sana.

Nikajifunza hesabu inayotumika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani: mitupo huru yote, iliyoingia na isiyoingia, unaizidisha kwa 0.44, unajumlisha na mitupo ya kawaida, unazidisha kwa 2, kisha unagawa pointi kwa jibu hilo. Kijana anapata asilimia 54, mwenzake 50. Hata Wilt Chamberlain, nyota wa zamani wa NBA, alipofunga pointi 100 katika mechi moja mwaka 1962, 28 zilitoka mstarini.

Shaka yangu ni hiyo 0.44. Imetokana na mechi za kulipwa, maana si kila mtupo huru humaliza shambulizi. Mwingine ni wa nyongeza baada ya kufunga. Kwa vijana niitumie hivyo hivyo, au nitafute yetu daftarini?

Na kocha ni mkubwa wangu, namheshimu. Nimwelezeje bila kumvunjia heshima? Tunacheza Ijumaa baada ya alasiri.