Karani mwaminifu asubuhi, jioni anapitisha mahindi yasiyokauka

MzeeWaStoo
Mulembe, watu wetu. Nasimamia stoo ya mahindi karibu na soko la Chwele, Bungoma. Karani wangu wa kupima unyevu asubuhi hapindi: kikomo ni asilimia 13.5, mita ikisoma 15 anarudisha gunia, hata liwe la mjomba wake. Lakini giza likianza kuingia, malori yamejipanga hadi barabarani, daftari linasema 13.4, 13.5, 13.4, ukurasa mzima. Mwezi wa kumi na moja, na mvua hii? Nikitoa punje katikati ya gunia nikaziuma, zinabonyea. Mama watoto anasema ni uchovu. Jirani anasema fukuza. Nyinyi mwaonaje?

Tisha_Mstaafu
Ni uchovu, mzee. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake huko Marekani waliwaketisha wanafunzi wenye njaa mbele ya biskuti za chokoleti, wengine wakaambiwa wale figili tu. Hao wa figili walipopewa fumbo lisilo na jibu waliacha mapema. Kujizuia kunachosha. Kijana amekataa watu tangu asubuhi, mpe chai na chapati saa tisa.

DadaWaKibuye
Mwalimu, kwa heshima, nadharia hiyo ilijaribiwa upya na maabara 23, watu zaidi ya 2,000, na matokeo ya 2016 yalikaribia sufuri. Mimi nauza omena hapa Kisumu, jioni miguu imevimba na mkebe wangu wa kupimia ni uleule.
Mzee, usiangalie saa, angalia nani huja saa hiyo. Asubuhi ni mama na magunia mawili kwenye boda, hana cha kumpa karani. Jioni ni dalali, na dalali hakosi "ya soda".

Kijana_wa_Webuye
Na si mchezo. Kikomo ni 13.5 kwa sababu mahindi yenye maji huota ukungu, ukungu unaleta sumukuvu, ile aflatoxin. Mwaka 2004 kule Ukambani waliugua watu 317, wakafa 125. Tulikofanya kazi zamani, mmoja alichota sampuli akaiandika namba tu, mwingine ndani akapima bila kujua ni ya nani. Dalali alibaki kumsalimia mlinzi.

MzeeWaStoo
Dada, nimerudi kwenye daftari usiku huu. Hizo 13.4 karibu zote ni za madalali walewale, na mmoja ndiye aliyemkopesha kijana pesa za karo ya mdogo wake. Hilo sikulijua. Nimemwita kesho kabla ya kufungua, tuongee hilo deni kwanza. Mambo ya namba naanza Jumatatu. Kufunga mapema nilikuwa nimelifikiria pia, ila tajiri hataki hata kusikia, anasema malori yataenda kwa jirani.

Tisha_Mstaafu
Chapati bado mpe.