Nguchiro chini ya stoo (kikundi cha majirani, Goba)

Jumamosi

Mama Neema 07:12: Jamani, mwizi wa mayai nimemwona kwa macho yangu. Si kenge, si mtoto wa mtu. Nguchiro! Tena kundi zima, wale wenye mistari mgongoni.

Mama Neema 07:14: Kamoja kameshika yai kwa miguu ya mbele, kakaupa ukuta mgongo, kakalirusha kinyumenyume katikati ya miguu. Paa! Wenzake wakaja kulamba. Hata hasira zikaniisha.

Baba Jofu 07:20: 😂😂 Umesimama unaangalia sinema na mayai yanaisha. Weka sumu ya panya kwenye dagaa, kesho hadithi imekwisha.

Bi Zuhura 07:24: Sumu hapana. Mbwa wangu mwaka juzi alikufa kwa nini? Na watoto wa mtaa mzima wanacheza hapo.

Baba Jofu 07:26: Shikamoo Bi Zuhura. Nilikuwa nashauri tu.

Bi Zuhura 07:26: Marahaba.

Babu Chande 07:41: Huyo ni mnyamapori. Kumuua au kumtega bila kibali ni kujitafutia kesi, sheria ya wanyamapori ya 2009 ipo. Mama Neema, sakafu ya stoo imeinuliwa?

Mama Neema 07:43: Shikamoo babu. Ndiyo, fundi aliiweka juu ya matofali mawili mbao zisiliwe na mchwa. Wanaingilia upande wa migomba.

Babu Chande 07:47: Marahaba. Basi umewajengea nyumba isiyo na kodi: giza, pakavu, na banda la kuku mlango wa pili. Unasikia vilio kama vya vifaranga?

Mama Neema 07:48: Eee! Nilidhani kuku katotolea huko.

Babu Chande 07:55: Ni vichanga. USIZIBE. Ukiziba mama yuko nje, atachimba mpaka abomoe, au watoto wafie ndani na harufu uilale nayo. Nguchiro hawa huhamahama kila baada ya siku chache, wanakawia tu kwa ajili ya watoto. Wakifikisha kama wiki nne wanatoka nao kutafuta wadudu.

Baba Jofu 07:57: Wiki nne za mayai?!

Babu Chande 07:59: Ayaokote mapema, pumba isilale kwenye bakuli, na lile pipa la maganda lisogezwe. Na mtoto asiwashike. Aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali moja kwa moja. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake.

Mwenyekiti 08:10: Wakati tupo hapa, mchango wa taa ya mtaa bado watu saba.

Alhamisi, mwezi uliofuata

Mama Neema 06:50: Usiku wa tatu leo nimemwaga unga mlangoni pao. Hakuna unyayo ila wa paka wa Bi Zuhura. Majani niliyosokota tunduni yako vilevile.

Babu Chande 06:58: Wamehama. Ita fundi leo hii azibe, wasije wengine.

Fundi Shabani 07:30: Wavu wa kuku msininunulie, unachanika kama chandarua. Leteni ule wa chuma uliochomelewa, tundu lisilopitisha kidole gumba.

Bi Zuhura 07:33: Si umwage zege tu?

Fundi Shabani 07:38: Zege itaziba hewa, mbao zioze. Nachimba mfereji kuzunguka stoo, wavu unashuka sentimita 30, halafu naukunja kwa nje kama herufi L, 30 nyingine, nafukia na mawe juu. Mnyama huanza kuchimba pale pale pua inapogusa ukuta. Anakuta chuma chini ya kucha. Kurudi nyuma hatua mbili hakumjii.

Mama Neema 17:45: Imekwisha. Mayai leo tisa 🙌 Wavu umebaki kama mita tatu, fundi anauomba.

Baba Jofu 17:46: Usimpe. Napita jioni kuuchukua.

Mama Neema 17:46: Wa nini tena?

Baba Jofu 17:52: *Ujumbe huu umefutwa*

Bi Zuhura 17:53: 😂😂😂