Tupeane uzoefu: wenye maduka ya samani kuukuu na vitu vya kale, kitu gani kilikufunza kazi?

Bi_Vibweta (Unguja)

Asalaam aleikum, na wengine habari za saa hizi.

Nina kiduka Mkunazini, mlango mmoja, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Huu mwaka wa tisa. Nauza masanduku, viti, midila, mirashi, saa za ukutani, mabuli yasiyo na vifuniko na vifuniko visivyo na mabuli. Juzi kaja kijana, anataka kufungua duka kama hili Bagamoyo. Kaniuliza, "Shangazi, mtaji wake kiasi gani?" Nikamwambia niulize kwanza nimepigwa mara ngapi. Akacheka, alidhani namfanyia mzaha.

Basi hapa sitaki ya "inalipa, hailipi". Nataka kitu kimoja tu, kile kilichokufunza. Ulikipata wapi, ulitoa ngapi, kikakufanya nini. Naanza mie.

Langu ni sanduku. Mwaka wa kwanza, dalali kanijia na hadithi iliyonyooka: sanduku la Surati, Bara Hindi, lilikuja na jahazi, la bibi yake bibi, kaolewa nalo. Kweli lilikuwa na uso mzuri. Njumu mbele, yaani urembo wa shaba uliopigiliwa, droo tatu chini, na ndani kibweta cha pembeni cha kuwekea dhahabu. Nilitoa laki tisa. Sikuligeuza, sikulifungua zaidi ya mara moja. Nililitazama uso kama mposaji.

Baada ya mwezi akapita mzee mmoja fundi, wa Kiponda, kaja kwa shida zake nyingine. Hakuangalia njumu hata kidogo. Kachomoa droo, kaipindua, kapitisha kidole chini yake. Kaniita, "Njoo uone." Chini ya droo kulikuwa na mikwaruzo ya upinde upinde, imefuatana kama mawimbi madogo. Msumeno wa mashine, ule wa duara. Wa mkono huacha mistari iliyonyooka, tena haijalingana. Kisha katemea mate kwenye kitambaa, kasugua pembeni: rangi ikatoka. Kumbe limepakwa chai ya rangi na majivu lionekane la kale. Kaniuliza sanduku lina miaka mingapi. Nikasema mia na kitu. Akasema, "Mie nina makubadhi yanayolizidi umri."

Nililia, sitaki uongo. Lakini nikamtafuta aliyelitengeneza, ilinichukua wiki mbili. Kumbe kijana mdogo, ana karakana nje ya mji, mkono wake mzuri mno, na alimuuzia dalali kama sanduku jipya, kwa bei ya sanduku jipya. Hakumdanganya mtu. Leo ndiye fundi wangu. Masanduku yake nayauza kwa kikaratasi juu: *jipya, kazi ya hapa hapa*. Na yanatoka.

Haya, nani anafuata?

KasukuWaKeko (Dar)

Shikamoo Bi Vibweta. Mimi niko Keko, samani za zamani ndiyo kazi yangu, mpya nimewaachia wenzangu maana Keko nzima wanatengeneza mpya.

Miaka sita iliyopita niliingia mnada, ofisi fulani inasafisha stoo. Viti kumi na vinne vya mkono, vimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, tabaka juu ya tabaka, vinaonekana kama vya zahanati. Hakuna aliyevitaka. Nilivichukua vyote kwa hela ya kitanda kimoja. Nimefika karakana nimekwangua mguu mmoja, nikaona mtiki. Wakuu, mtiki mtupu! Usiku huo sikulala.

Nikampa fundi wangu kazi ya kutoa rangi, mimi nikasafiri msibani Iringa. Nimerudi baada ya wiki tatu viti vinang'aa kama kioo. Fundi kajaa furaha, ananiambia, "Bosi, nyuma ya mgongo kulikuwa na maandishi yamegongwa, yanaharibu sura, nimepitisha randa." Nikamuuliza maandishi gani. "E, A, R, sijui nini na H."

EAR&H. Reli na Bandari ya Afrika Mashariki. Shirika lenyewe lilianza 1948, likagawanywa 1969, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule nayo ikavunjika 1977. Yaani zile herufi ndizo zilikuwa bei. Bila herufi nina viti kumi na vinne vizuri tu vya mtiki, na viti vizuri vya mtiki Keko si habari.

Sasa sikilizeni. Mzee mmoja mstaafu wa reli kaja na binti yake kutafuta meza. Kaona kiti, kasimama. Kapeleka mkono moja kwa moja nyuma ya mgongo wa kiti, bila kuangalia, kama mtu anayetafuta swichi ya taa ndani ya nyumba yake. Kapapasa. "Hapa pana herufi," akasema. Nikamwambia zilitolewa. Hakusema kitu, alirudisha mkono taratibu tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Fundi ndiye aliyeniokoa. Kumbe viti vilivyopigwa randa ni kumi na tatu. Kile cha kumi na nne alikuwa anakikalia mwenyewe akifanya kazi, kimejaa rangi na gundi, hakuona haja ya kukisafisha. Mzee alikichukua kama kilivyo, na madoa yake. Bei alitaja binti, mimi sikuweza kutaja.

Tangu siku hiyo randa haigusi kitu karakana kwangu mpaka nimepiga picha pande zote, na chini.

mtotowamjini

Kasuku umeniuma mkuu. Ngoja nikae hapa nisome.

muuza_santuri (Mombasa)

Mimi duka langu liko Mji wa Kale, si mbali na Ndia Kuu, nusu samani nusu vikorokoro. Yangu fupi kwa sababu aibu.

Nilinunua gunia la santuri nyumba moja Kibokoni, za zamani kabisa, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi zimevunjika, lakini mlikuwa na moja ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, lebo ya mbwa na gramafoni. Wanaojua wanajua: Siti alikwenda kurekodi Bombay 1928. Ilikuwa imejaa vumbi na mafuta ya sijui sambusa. Nikasema niisafishe kabla sijaionyesha mtu. Nikachukua kitambaa, nikachukua spiriti.

Fundi samani wote hapa washajua mwisho wake. Zile santuri si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, ule ule tunaoyeyusha kwa spiriti tukapata polishi ya kupaka meza! Mimi mwenyewe kila wiki nayeyusha, na kichwani haikunijia hata kidogo. Kitambaa kikageuka cheusi, nikafurahi uchafu unatoka. Kumbe ni Siti anatoka.

Naisikiliza mpaka leo. Upande mmoja unaimba, wa pili unavuma kama kusi.

BintiMkomani (Lamu)

Muuza santuri pole, lakini nimecheka mpaka nimeitwa na majirani.

Mimi nataka kusema la pembe za ndovu, maana naona watu wanaingia kichwa kichwa. Nyumbani kwetu Mkomani tulikuwa na kiti cha enzi, mpingo, mgongo na kikalio vimesukwa nyuzi, na vipande vyeupe vimetiwa kwenye mbao. Marehemu babu hakuruhusu mtoto akikalie. Baada ya matanga wajomba wakaamua kiuzwe, kipitie dukani kwangu. Akatokea mteja wa Ulaya, akalipa arubuni nzuri, wajomba wakaanza kugawana kabla sijamaliza kuhesabu.

Nilipoanza kutafuta karatasi za kukisafirisha ndipo nikajua nimekalia moto. Kwanza umri: kwa sheria yetu ya Kenya ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingia nchini kabla ya 1895 ni cha kale, hukitoi nje bila kibali. Pili vile vipande vyeupe. Pembe za ndovu biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku, kura 1989 na ikaanza kutumika 1990, na huko kwao mteja pia wanakagua. Nikamrudishia arubuni yake yote. Wajomba hawakusema nami mpaka Maulidi.

Kiti kipo. Kimerudi sebuleni, na watoto bado hawakikalii.

Sasa fundi wetu wanatia mfupa wa ngamia. Mukitaka kujua tofauti, tazameni kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vitundu vidogo vidogo vyeusi, kama umedungwa na sindano. Pembe haina, na ukipata mahali ilipokatwa mkato wa kukingama utaona mistari inapishana, kama ukili. Ukiona mistari hiyo, usichukue arubuni.

Mwanagenzi_254

Niko Nairobi, nina kibanda kidogo tu cha sarafu, saa na vyerehani. Ya kwangu ni reale, ile sarafu ya fedha yenye mama mnene, Maria Theresa wa Austria. Mwaka ulioandikwa 1780. Nilidhani nimeokota utajiri, nikanunua kumi. Halafu nikaelezwa kwamba zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa juzi. Walivyozoea watu wa pwani na Uarabuni, wangebadilisha mwaka zingekataliwa.

Kwa cherehani angalau Singer hawakufichi. Namba ikianzia Y, hiyo ni Clydebank, Uskoti, kati ya vita viwili vya dunia. Ila kila mama anayeniletea anasema ni ya 1800.

mtotowamjini

Naomba kuuliza wakubwa. Wadudu mnafanyaje? Nina kabati nimerithi, kila asubuhi chini kuna unga.

Bi_Vibweta (Unguja)

Mtotowamjini, unga ukiwa mpya kila asubuhi ujue wamo, wanakula. Litoe kabati mbali na mengine leo, usingoje kesho. Mie hununua sindano dukani kwa dawa, natia dawa ya mbao tundu moja moja, halafu naziba kwa nta. Nta inanisaidia jambo moja: tundu jipya likitokea nalijua, halina nta. Wazee walikuwa wakipaka mafuta ya taa. Yanasaidia, lakini kabati litanuka mpaka arusi ya mwanao, na usilisogeze karibu na jiko. Kitu kidogo, kibweta au marfaa ya kuwekea msahafu, nakifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa nakitia friza wiki mbili, chini ya samaki. Mume wangu alilalamika mara ya kwanza, sasa kazoea.

Na shaba msiisugue kwa ndimu mpaka ikawa kama sufuria mpya, nawaombeni.

Wa_Matrah (Maskati)

Mimi si muuzaji, ni mnunuzi, lakini niruhusuni. Mama yangu kazaliwa Ng'ambo, nyumba yetu hapa Maskati Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni. Huku sanduku la Unguja ni heshima, kila nyumba ya watu wetu inalitaka.

La kwangu lilifika salama, kreti imepigwa mihuri ya mbao zilizochomwa joto kama forodha wanavyotaka, kila kitu sawa. Nikaliweka sebuleni chini ya kiyoyozi. Usiku wa tatu tukasikia mlio kama risasi. Mke wangu kashuka na fimbo, alidhani mwizi. Kifuniko kimepasuka kutoka bawaba mpaka mbele, unaweza kupitisha sarafu.

Nikampigia muuzaji kwa hasira. Akaniuliza kwa upole, "Uliliacha lipumue?" Sikujua anasema nini. Sanduku limekaa miaka yote kwenye unyevu wa bahari, wewe unalitia kwenye hewa kavu siku moja. Liwekwe kwanza chumba kisicho na kiyoyozi, wiki nne, tano, bakuli la maji karibu yake, kisha ulihamishe kidogo kidogo. Nyinyi wauzaji, andikeni hilo kwenye risiti! Yeye alilijua, mimi sikuambiwa.

KasukuWaKeko (Dar)

Wa Matrah hapo umetushika. Naanza kuandika kesho.

mgeni_bagamoyo

Shikamoo Shangazi. Ni mimi yule kijana. Sikujua kama ni wewe mpaka niliposoma Mkunazini.

Niko Bagamoyo sasa hivi, nyumba moja ya zamani, warithi wanauza. Kuna sanduku na kuna fremu ya mlango iliyochongwa, wanataka nichukue vyote.

Bi_Vibweta (Unguja)

Marahaba mwanangu. Fremu iache. Huko Bara sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda mlango na fremu iliyochongwa kabla ya 1940, na wewe huna macho ya kujua ya mwaka gani. Sanduku umechomoa droo?

mgeni_bagamoyo

Nimechomoa mbili, ya tatu imekwama. Chini mistari imenyooka, haijalingana. Njumu zina ukubwa tofauti tofauti. Nimesugua na kitambaa cha mate, rangi haijatoka. Nyuma ya droo ya kati kuna kitu kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi za Kiarabu, kimefifia. Dalali anasema kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na hela mkononi.

KasukuWaKeko (Dar)

Huyo mtu wa saa kumi namjua. Amekuwa anakuja saa kumi tangu nianze biashara.

Bi_Vibweta (Unguja)

Usitoe hela bado. Nitumie picha ya hayo maandishi, washa tochi uimulike kwa ubavu. Na ile droo iliyokwama usiivute kwa nguvu, sugua kingo zake kwa mshumaa usiowashwa kwanza.